Shajara ya mradi: Kutafuta mwisho wa kesi Taita-Taveta

Jumatatu, 13 Januari 2025

Leo tumeanza. Tuko watatu: mimi, mzee mmoja aliyestaafu baada ya miaka mingi ya ukarani katika masjala za mahakama, na binti aliyemaliza shahada ya sheria mwaka jana. Tuna meza, simu tatu, na daftari la jalada gumu ambalo Mzee alisisitiza linunuliwe kabla ya kitu kingine chochote.

Watu 34 kutoka Kasigau, Marungu, Mbololo, Ronge na viunga vya Mwatate wametupa idhini ya maandishi tuwatafutie rekodi za kukamatwa kwao. Kwa kila mtu tunatafuta mambo matatu: alikamatwa lini, alishtakiwa kwa kosa gani, na kesi iliishaje. Hilo la tatu ndilo lililotuleta hapa. Mwaka jana kijana mmoja alinyimwa kazi ya ulinzi kwa sababu mwajiri alisikia kijijini kwamba ni "mtu wa kesi". Nilipomwuliza kesi yenyewe iliishaje, alinijibu hivi: "Mama, nilikamatwa, nikapelekwa kortini mara tatu, halafu siku moja nikaambiwa nenda nyumbani. Sijui kama niliachiliwa au nangojewa."

Alikamatwa mwaka 2019. Tangu hapo akiona kizuizi cha polisi barabarani hushuka kwenye matatu na kuzunguka kwa miguu.

Nimeandika jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Alhamisi, 16 Januari

Mzee amekaa asubuhi nzima akichora nyuma ya kalenda ya zamani njia ambayo jina la mtu hupitia tangu anaposhikwa mkono. Nainakili hapa kwa maneno.

Katika kaunti hii anayekukamata si lazima awe polisi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mbuga ya Tsavo, kwa hiyo wengi hushikwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wakiwa na ng'ombe, kuni, makaa au nyama. Wengine hushikwa na chifu au naibu wake kwa sababu ya pombe. Wengine na askari wa kaunti pale sokoni. Wote hao hatimaye humpeleka mtu kituo cha polisi, na hapo ndipo jina huingia kwenye OB, kitabu cha matukio. Namba ya OB husomeka kama tarehe: 23/14/6/2019 maana yake ni tukio la 23 la tarehe 14 Juni mwaka huo. Jina huingia pia kwenye daftari la mahabusu. Kisha huandikwa hati ya mashtaka. Kisha mahakama humwandika kwenye rejista yake na kufungua faili. Akifungwa, gereza humwandika upya. Akipewa kazi ya jamii au kipindi cha uangalizi, ofisi ya probesheni ina faili lake. Na alama zake za vidole, zikichukuliwa, huenda hadi makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Nairobi.

"Sasa angalia mishale," Mzee alisema. Yote ilikwenda upande mmoja. Kituo hupeleka mtu mahakamani, lakini OB haina mahali pa kuandika kwamba mtu huyo baadaye aliachiliwa. Anayefungua OB ya 2019 ataona mtu amekamatwa, basi. Ukurasa unaofuata ni ng'ombe wa mtu mwingine.

Kwa hiyo tumekubaliana: hatutaandika "amepatikana" kwenye daftari letu mpaka tuwe tumeuona mwisho wa kesi. Kupata tarehe ya kukamatwa ni nusu ya kazi, na ni ile nusu inayomdhuru mtu ikitembea peke yake.

Jumanne, 21 Januari

Kasigau. Tuliondoka Voi saa kumi na mbili alfajiri tukarudi usiku, nguo nyekundu kwa vumbi.

Nilidhani tungeanzia ofisini. Mzee akasema tuanzie vitandani, na alikuwa na maana yake: watu wa hapa huhifadhi karatasi zao chini ya godoro au ndani ya mkebe, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki. Nyumba kwa nyumba tuliomba kuonyeshwa chochote chenye muhuri. Tulipata risiti za faini, risiti za dhamana ya pesa taslimu, na vikaratasi vya tarehe ya kurudi kortini vilivyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Mama mmoja alitoa risiti ndani ya leso, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya chungu.

Risiti ya dhamana au faini ina namba ya kesi. Ukiwa na namba ya kesi, karani anaweza kukupata kwa dakika chache. Bila namba, unamwomba asome rejista ya mwaka mzima mstari kwa mstari huku foleni ya watu ikimngoja.

Katika watu tisa tuliowatembelea, sita walikuwa na karatasi yenye namba. Siku nzuri kuliko nilivyotarajia.

Yule mama wa chungu aliniuliza hela za dhamana hurudishwa lini. Nikamwambia kesi ikiisha. Akasema kesi ya mwanawe iliisha, anavyojua yeye, kabla ya korona. Nimeweka alama.

Jumatatu, 27 Januari

Binti ametuandikia kurasa mbili kuhusu kilicho wazi kwa umma na kisicho wazi, kwa sababu kuna vijana wanaotusikia wakadhani tutabandika majina ya watu ukutani.

Kesi husikilizwa mbele ya umma; Katiba ya 2010, Ibara ya 50, imesema hivyo. Orodha ya kesi za siku hubandikwa ubaoni na siku hizi huwekwa mtandaoni. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu, zikiwemo za rufaa kutoka kwa mahakimu, zinasomeka bure katika tovuti ya Kenya Law. Faili la mahakama ya hakimu huombwa kwenye masjala kwa kulipia ada ndogo, na mshtakiwa mwenyewe ana haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake.

OB si hivyo. Kitabu kile kina majina ya walioripoti kubakwa, ya watoto waliopotea, ya watoa habari. Hakuna mtu wa nje anayepaswa kukipekua, na nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Lakini taarifa kuhusu wewe mwenyewe ni yako kuiomba. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu chake cha pili ndicho ambacho Binti amekipigia mstari mara mbili: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au inayopotosha, ikiwa inamgusa yeye.

Inayopotosha. Rekodi ya kukamatwa isiyosema mtu aliachiliwa ni ya kweli neno kwa neno na bado inapotosha. Nataka kujua kama hoja hiyo itasimama tukiiandika kwenye barua.

Mipaka yetu: hatugusi kesi za watoto, hatugusi makosa ya kingono, hatutafuti mtu ambaye hajatia sahihi mwenyewe. Hata mke hamtafutii mume. Wawili wameshatuomba hivyo na tumekataa.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya kwanza masjalani, na ndiyo siku niliyojifunza zaidi tangu tuanze.

Karani alitupokea vizuri. Mzee alimwita "mwanangu", akaulizia mafaili kwa lugha yao, na ndani ya saa moja tulikuwa tunasoma. Hati ya mashtaka ndiyo daraja la kila kitu: karatasi moja ina namba ya OB, namba ya kesi ya polisi, namba ya kesi ya mahakama, tarehe ya kukamatwa, na kama alikamatwa kwa waranti (hati ya kukamata) au bila. Ukiipata hiyo unaweza kwenda mbele au kurudi nyuma. Kesi za miaka ya karibuni zina herufi E kabla ya namba, tangu mfumo wa kielektroniki ulipoingia. Anayeisahau herufi hiyo huambiwa kesi haipo.

Ugumu uko kwenye safu ya mwisho ya rejista, ile ya matokeo. Mara nyingi haina neno lolote, ni namba tu. Mzee alitufundisha kuzisoma, na ninaziandika kwa urefu kwa sababu maisha ya watu yamelala humo.

87(a) ni kifungu cha Sheria ya Taratibu za Jinai, Sura ya 75. Upande wa mashtaka umeiondoa kesi kwa ruhusa ya mahakama. Ikiondolewa kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, anaachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Ikiondolewa baada ya hapo, anaachiliwa huru kabisa. Namba ile ile, matokeo mawili. Lazima ufungue faili kujua kesi ilikuwa imefika wapi.

202: mlalamikaji hakufika, mshtakiwa ameachiliwa huru. 204: mlalamikaji ameondoa malalamiko, vilevile huru. 210: ushahidi wa mashtaka haukutosha hata kumtaka ajitetee, huru. 215: kesi imesikilizwa mpaka mwisho, na hapo ndipo utasoma kama amepatikana na hatia au la. 176: wamepatanishwa, jambo la kawaida hapa kwa ugomvi wa majirani. Halafu kuna 35(1), ambayo haimo katika sheria hiyo bali katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63: amepatikana na kosa, lakini mahakama imeona hakuna haja ya adhabu, ikamwachilia, pengine kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili.

Mtu wa kawaida aliyesimama kizimbani husikia kitu kimoja tu katika yote hayo: "Nenda nyumbani."

Yule kijana wetu wa 2019: 87(a). Mashahidi hawakufika mara mbili, mwendesha mashtaka akaiondoa. Hakuwa hata ameitwa kujitetea.

Nilimpigia simu nikiwa nimesimama nje chini ya mwarobaini. Nikamwambia hakuna tarehe, hakuna waranti, hangojewi. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa na hatia au sikuwa?" Nikamwambia hakuna mahakama iliyowahi kumpata na hatia, na kwamba kwa Katiba yetu asiyepatikana na hatia hana hatia. Nilimweleza pia kwamba kwa sheria angeweza kushtakiwa tena. Nilisita kabla ya kulisema hilo, lakini nikifika mahali pa kuwaficha watu nusu ya rekodi zao nitakuwa nafanya kile kile ninachokilalamikia.

Jumatatu, 10 Februari

Kuna watu saba ambao hawana karatasi yoyote na hawakumbuki hata mwezi. Kwao hakuna njia ila kituo cha polisi. Leo tumepeleka barua saba katika kituo kimoja, kila moja imetiwa sahihi na mwenyewe.

Tulibishana kuhusu lugha. Binti alitaka Kiingereza ili "wasituone washamba". Kisha akafungua Sheria ya Upatikanaji wa Habari, namba 31 ya 2016, akakuta imeandikwa waziwazi kwamba ombi linaweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Tukaandika Kiswahili, kwa sababu wanaotia sahihi wanapaswa kujua wanachokitia sahihi. Kiini cha barua ni hiki:

"Mimi, raia wa Kenya mwenye kitambulisho kilichoambatishwa, naomba kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba nipewe taarifa za kukamatwa kwangu zilizo katika kituo chako: tarehe, namba ya OB, kosa, na namba ya kesi ya mahakama niliyopelekwa. Siombi taarifa za mtu mwingine yeyote."

Sentensi ya mwisho ni ya Mzee. Afande wa zamu aliisoma mara mbili, akasema, "Hiyo ni sawa," akagonga muhuri kwenye nakala zetu. Muhuri wenye tarehe ndio tuliotaka. Siku 21 ambazo sheria inawapa kujibu zinahesabiwa kuanzia leo.

Ijumaa, 21 Februari

Leo naandika kosa langu.

Nilikuwa nimemfuatilia mtu wetu wa 19 mpaka kwenye kesi ya wizi wa mifugo iliyoisha kwa kifungo. Jina la kwanza na la pili lilikuwa lile lile, mwaka ule ule. Niliandika "amepatikana" kwa wino. Jana nilikwenda kwao kumwarifu, nikamkuta mama yake tu. Sikusema neno, namshukuru Mungu, kwa sababu ya kanuni yetu ya kuzungumza na mhusika pekee. Alipofika mwenyewe jioni nikamwuliza, kwa uthibitisho tu, alikaa gereza lipi. Akanitazama kama niliyemtukana. Hajawahi kulala gerezani hata usiku mmoja.

Nilirudi masjalani leo. Aliyefungwa alikuwa na umri wa miaka 46 kwenye hati ya mashtaka. Wetu ana 29. Hati iliandika na kijiji, kijiji kingine kabisa. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, nami niliona jina tu.

Majina yetu ya Kitaita yanafanana, wengi tunaanza na Mwa-, na kila mwandishi wa hati huandika anavyosikia. Mwakio leo, Mwakyo kesho. Binti amenionyesha ukurasa ambapo mtu mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu ndani ya faili moja.

Kuanzia leo: hakuna mtu kuunganishwa na kesi bila mambo matatu kukubaliana mbali na jina. Umri, kijiji, namba ya kitambulisho kama imeandikwa, siku anayoikumbuka, aliyekamatwa naye. Jina halihesabiwi. Nimerudia watu wote niliokuwa nimeshawaandikia "amepatikana", mmoja baada ya mwingine, mpaka saa nne usiku. Wengine wote wako sawa.

Nimemwendea mtu wa 19 kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa chai. Sikuimaliza.

Jumanne, 4 Machi

Siku 21 ziliisha jana. Hakuna jibu.

Tumekwenda kuuliza kwa upole. Tumeambiwa mkuu wa kituo yuko kwenye mkutano. Sheria inaruhusu muda uongezwe mara moja, siku zisizozidi 14, lakini lazima mwombaji aarifiwe, nasi hatukuarifiwa. Binti anaandaa ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, Ofisi ya Ombudsman, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hii. Ombi hupelekwa ndani ya siku 30. Wana ofisi Mombasa, kwa hiyo si lazima mtu afike Nairobi.

Ramadhani imeanza. Nusu ya watu wetu wanaoishi Voi mjini wamefunga, tutawatembelea baada ya futari.

Alhamisi, 13 Machi

Tumesoma tena ule ukaguzi wa mfumo wa haki jinai uliofanywa na baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, NCAJ, ukatolewa mwanzoni mwa 2017. Wakaguzi walipekua madaftari yale yale tunayoyapekua sisi, katika kaunti mbalimbali, wakaona kwamba wengi wanaopita vituoni na mahakamani ni maskini walioshikwa kwa makosa madogo. Nikiangalia orodha yetu naona makosa ya mbangara (pombe ya kienyeji), makaa, kuni, kuzurura, kelele usiku. Mifugo ndani ya mbuga. Hakuna jambazi humu.

Mzee hakutaka kuusoma. Alisema yeye ameuandika kwa mkono wake, mstari mmoja kwa siku, miaka yote hiyo.

Alhamisi, 27 Machi

Kituo kimejibu! Barua sita kati ya saba, zote siku moja, kwa mkono wa karani mmoja, namba za OB na namba za kesi za mahakama zimepangwa vizuri kuliko tulivyoomba. Barua ya Ombudsman ilikuwa bado haijafika huko, kwa hiyo sijui ni nini kilichowasukuma. Nimekwenda kuwashukuru. Ofisa aliyefanya kazi ile alisema alikaa siku mbili akifunua vitabu vya zamani stoo kwa tochi. Nimeona vitabu vyenyewe: vimefungwa kwa kamba, kingo zimeliwa na mchwa. Nilikuwa nimekasirika wiki tatu nikidhani mtu anazuia. Hakuna faharasa ya majina. Ukitaka jina moja unasoma siku zote.

Barua ya saba imesema hakuna rekodi. Mwenyewe anaapa alilala pale usiku miwili. Huenda aliachiliwa bila kuandikwa, na kama ni hivyo basi zile siku mbili za maisha yake hazipo popote isipokuwa kichwani mwake. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi mahakama inapofunguliwa. Asiyeandikwa hawezi hata kudai kwamba saa zilipita.

Nimeandika maelezo yake kwa maneno yake, akaweka sahihi. Ni yote ninayoweza kumpa kwa sasa.

Jumatano, 9 Aprili

Tulilolihofia limetokea: mmoja wa watu wetu ana waranti.

Ni mama muuza pombe ya kienyeji, alishtakiwa 2021, akapewa dhamana, akakosa tarehe moja kwa sababu alikuwa hospitalini akijifungua, akaogopa kurudi. Faili linasema hati ya kukamatwa imetolewa. Miaka minne anaishi na waranti bila kujua, anauza mboga sokoni mita mia tatu kutoka kituoni.

Tulikuwa tumewaambia watu wote tangu mwanzo kwamba kutafuta kunaweza kufukua kitu. Lakini kusema jambo kwenye mkutano si sawa na kukaa jikoni kwa mtu ukimwambia. Mtoto mwenyewe aliyemfanya akose tarehe alikuwa miguuni pangu akicheza na kifuniko cha sufuria.

Binti alimtafutia wakili wa kujitolea. Ushauri: asingoje kushikwa, aende mwenyewe mahakamani na karatasi za hospitali, aombe waranti iondolewe. Kadi ya kliniki alikuwa nayo, kwenye mkebe.

Ijumaa, 11 Aprili

Alikwenda. Hakimu aliisoma kadi, akamwuliza mtoto ana umri gani, akaiondoa waranti. Kesi itatajwa mwezi ujao. Alipotoka alikaa kwenye ngazi za mahakama akavua viatu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua za masika zimekata barabara ya Kasigau, kwa hiyo tumefanya kazi za simu na magereza. Watatu wetu waliwahi kufungwa vifungo vifupi na hawana karatasi yoyote. Magereza huhifadhi hati ya kifungo iliyotoka mahakamani, na hati hiyo ina namba ya kesi. Tumeandika maombi, tumepata majibu mawili haraka sana. Mzee anasema gereza haliwezi kupoteza karatasi ya mtu kwa sababu bila karatasi hiyo halina ruhusa ya kumshika wala tarehe ya kumwachilia.

Halafu mama wa chungu. Kesi ya mwanawe iliisha kwa 210 mwaka 2019: ushahidi haukutosha, huru. Kwenye faili kuna amri ya hakimu kwamba dhamana irudishwe kwa aliyeweka. Aliyeweka ni mama. Amri imekaa humo tangu siku ile, kwa sababu ilisomwa kwa Kiingereza na tafsiri aliyoisikia ni "nenda nyumbani". Anahitaji risiti ya asili, kitambulisho na nambari ya akaunti. Risiti ameitunza kuliko benki. Tumejaza fomu pamoja; aliweka sahihi polepole, herufi moja moja, na hakutaka tumshikie karatasi.

Jumatano, 7 Mei

Hali ilivyo: kati ya 34, tumeuona mwisho wa kesi za 25. Watatu bado kesi zao ziko hai. Mmoja hana rekodi kabisa. Watano mafaili yao hayajapatikana katika mahakama moja, na karani ametuahidi kupekua chumba cha pili.

Kijana wa 2019 alipata nakala iliyothibitishwa ya amri ya kuondolewa kwa kesi wiki mbili zilizopita. Tulimshauri aombe cheti cha tabia njema, kwa sababu waajiri wanataka hicho na si maelezo yetu. Alikuwa amekataa tangu Januari. Aliogopa kutoa alama za vidole bila kujua zitaamsha nini. Jana alilipa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akachapisha fomu ya C24 ya alama za vidole, akaenda Huduma Centre akiwa na ile nakala kwenye bahasha, ingawa hakuna aliyemwomba aionyeshe. Majibu bado.

Ameniomba pia tumwandikie kituo barua ya pili, chini ya kile kifungu cha pili cha Ibara ya 35 kinachohusu taarifa inayopotosha: kwamba pembeni ya tukio lake kwenye OB iandikwe namba ya kesi na neno moja la jinsi ilivyoisha. Binti anasema hajaona barua ya namna hiyo popote. Tumeiandika leo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na tumeambatisha amri ya mahakama. Anaipeleka mwenyewe kesho asubuhi. Amesema atapanda matatu na hatashuka kwenye kizuizi.